Mafungu Kumi ya Mkono wa Feruzi

Ijumaa ile Mzee Feruzi alimega ubwabwa kwa mkono wake wa kulia, akaufinyanga mpaka ukawa tonge la mviringo, akalichovya kwenye mchuzi wa samaki wa mgebuka na kulipeleka kinywani bila kudondosha punje hata moja. Watu wote mkekani wakasema mashaallah. Mdogo wake, Sangwa, akampiga bega.

"Kaka, kesho tunakurudisha kazini. Vichwa vya Ujiji vimeota misitu."

Wakacheka. Mkewe, Bi Siwatu, hakucheka. Alikuwa amekaa nyuma ya mumewe kidogo, mkono wa kushoto kaufunika kwa upande wa kanga, na chini ya kanga ile kidole gumba chake kilikuwa kimebana pete nyeusi. Hakukiondoa mpaka tonge lilipomezwa. Kisha akabana tena, kwa tonge la pili.

Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu kiharusi kimkute Mzee Feruzi kibandani kwake, anamnyoa mteja. Mashine ya kunyolea ilianguka kwanza, yeye akafuata. Alilazwa wiki tatu. Akarudi nyumbani ulimi mzito kidogo, mguu unaburuta kidogo, na mkono wa kulia umelala kabisa, kama mkono wa mtu mwingine alioshonewa begani. Ndipo hospitali wakampa Soksi.

Soksi ilikuwa na jina lake refu la kitabuni, lakini Ujiji hawana subira na majina marefu. Ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, ikivaliwa kuanzia ncha za vidole hadi begani, na kazi yake ilikuwa kazi ya mtu wa pili kwenye gunia. Chukulia kuinua kikombe ni gunia lenye mafungu kumi. Mkono ukitaka kuinua, Soksi inasikiliza kwanza kwenye mishipa, inasubiri mkono uanze wenyewe. Mkono ukiweza fungu moja, Soksi inabeba tisa. Mkono ukiweza manne, Soksi inabeba sita. Na kila mkono unapopata nguvu, Soksi inajitoa kidogo, kama mama anayemfundisha mwanawe kutembea, ananyoosha mikono huku anarudi kinyumenyume.

Pete ilikuwa jambo jingine. Ilitolewa kwa mlezi mmoja tu wa nyumba, kwa dharura: mgonjwa asije akashika sufuria ya moto, asije akateleza bafuni. Mlezi akiibana, Soksi haisubiri tena. Inabeba mafungu yote kumi, na mgonjwa mwenyewe hahisi tofauti; anaona tu mkono umetii.

Dokta aliwaeleza hayo yote siku ya kutoka hospitali. Bi Siwatu alisikia kila neno, akaitikia kila neno. Halafu wakaja wageni.

Ilikuwa wiki ya pili nyumbani. Wazee wa msikitini walikuja kumjulia hali, chakula kikaandaliwa. Feruzi hakutaka kulishwa mbele ya watu, na kula kwa mkono wa kushoto hakukubali. Mtu aliyefundishwa tangu utoto kwamba wa kushoto ni wa chooni hawezi kuupeleka kinywani kwa sababu tu dokta kasema. Akalazimisha wa kulia. Wali ukamwagika ndevuni, kwenye kanzu, mkekani. Mzee mmoja, kwa adabu, akageuza uso akaangalia ukuta. Kule kugeuza uso ndiko kulikomchoma Bi Siwatu. Angecheka ingekuwa nafuu. Kidole kikaenda chenyewe kwenye pete.

Feruzi akautazama mkono wake kama mtu aliyeona mbuzi wake aliyepotea anarudi nyumbani peke yake.

"Mama Kasimu," akasema, "umeona?"

"Nimeona, Baba Kasimu."

Angesema nini tena? Toka siku hiyo akawa mtu wa kuona.

*

Kioo cha hospitali kilitundikwa sebuleni, karibu na kalenda. Dokta alikuwa akitokea humo, anauliza hali, anatazama mazoezi. Bi Siwatu alikuwa na desturi ya kukifunika kwa kanga kuukuu, kwa sababu, alisema, hajawahi kukaa na mtu anayeingia bila hodi.

Jumamosi asubuhi alikuwa anafuta vumbi, akaivua ile kanga aifue. Papo hapo uso wa Dokta Anyesi ukajaa kioo kizima. Alikuwa mama wa makamo, Muha wa Kasulu, sauti yake ndogo lakini haikati kona.

"Shikamoo Bibi."

"Eh! Marahaba. Umenishtua, mwanangu. Mzee yuko barazani, anamtukana bwana harusi wa mjukuu wake. Nimwite?"

"Usimwite. Nataka wewe." Dokta akasogea karibu. "Bibi, Soksi inaniletea habari zake kila jioni. Inasema mkono wa Babu unabeba fungu moja. Wiki sita sasa, moja. Haupandi."

"Lakini anakula mwenyewe! Muulize yeyote. Juzi kamnyoa mdogo wake ndevu."

"Najua. Na pete imebanwa mara mia nne na kumi na mbili."

Bi Siwatu akakaa kwenye kiti, kitambaa cha vumbi mkononi. Huko barazani sauti ya mumewe ilikuwa inasikika: "Kichwa chako hiki, Baruani, nilikinyoa mimi una siku arobaini. Ningejua kitakuja kuniibia mke, ningekikata!" Na kicheko cha Baruani, na mjukuu wao Sikudhani anasema, "Babu, mwache mwenzio."

"Sikugombezi, Bibi," Dokta akasema taratibu. "Naona hesabu, na kwenye hesabu naona mapenzi. Lakini ubongo nao si mjinga. Ukishajua yupo wa kubeba, unakaa. Miezi hii ya mwanzo ubongo uliopigwa ni kama udongo uliolowa, unapokea umbo. Baadaye pia unafinyangika, sitakudanganya, lakini kwa jasho mara tatu. Wiki sita zimepita, udongo unakauka."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Nimepiga mara tisa, Bibi. Kioo kilikuwa na kanga."

Bi Siwatu akaitazama ile kanga miguuni kwake.

"Mwili ni wa Babu," Dokta akaendelea. "Hospitali hairuhusiwi kumficha. Siku ya kliniki, baada ya siku kumi na mbili, nitamwambia. Ningependa alisikie kwako kwanza. Habari kama hii ikitoka kwa mtu wa nyumbani ina mto wa kulalia."

Siku kumi na mbili. Na harusi ya Sikudhani ilikuwa baada ya siku tisa.

*

Jueni kwamba Sikudhani hakuwa na baba. Kasimu, mtoto pekee wa Feruzi na Siwatu, alifariki binti yake ana miaka minne, na toka hapo amelelewa na hao wazee wawili. Babu alimwita "mke wangu", Bibi alimwita "mke mwenzangu", kwa utani ule wa babu na wajukuu ambao hauna mwisho. Sasa amekuwa mtu mzima, anafanya kazi ya kupima maji ya ziwa, na ameposwa. Walii wake ni babu yake. Siku ya akdi Feruzi ndiye wa kuushika mkono wa Baruani na kutamka maneno.

Sangwa alikuwa amejitolea kumwakilisha. Feruzi alikataa mbele ya ukoo mzima. "Kasimu angekuwa hai, angemshika kijana huyu kwa mkono wake. Mimi nashika kwa niaba ya Kasimu. Mungu kanirudishia mkono kwa kazi hiyo, nikupe wewe?"

Kanirudishia. Neno hilo Bi Siwatu alikuwa analilalia na kuamka nalo.

Mchana huo walikaa jikoni yeye na Sikudhani, wanamenya vitunguu saumu vya harusi, akamweleza yote. Kisu cha binti kikasimama kwenye kitunguu.

"Bibi, ngoja," akasema. "Siku tisa tu. Anioze kwa furaha, kisha mwambie."

"Anakuoza kwa mkono wa nani, mke mwenzangu?"

"Si mkono wake?"

"Ndilo ninaloambiwa, kwamba siyo."

"Ukimwambia leo, unamjua Babu. Atampa uwakala Babu Sangwa, na yeye atakaa chumbani uso kaupa ukuta. Hatatoka hata kunisindikiza. Mimi simtaki Babu Sangwa, Bibi. Namtaka yeye."

Bi Siwatu akamenya punje tatu. Akimwambia leo, anamvunja mbele ya siku aliyoingoja. Asipomwambia, atamwacha aozeshe kwa mkono usio wake, huku anamshukuru Mungu kwa kazi ya pete. Na siku tisa nyingine za udongo zitakuwa zimekauka. Pande zote mbili zilikuwa na miiba. Basi akachagua njia ya tatu, ambayo ndiyo ya waoga wote duniani. Ataacha kubana, kimya kimya. Mkono utajifunza wenyewe, na hakuna atakayehitaji kusema neno.

*

Asubuhi ya Jumapili alimletea uji wa ulezi barazani, kikombeni. Feruzi alikuwa na furaha, anasimulia ndoto. Huku anaongea akanyoosha mkono kwenye kikombe kama alivyozoea. Mkono ukapanda kiasi cha upana wa kidole, ukayumba, ukaanguka juu ya kikombe. Uji ukatapakaa.

"Ah. Utelezi," akasema.

Akajaribu tena. Ukapanda, ukaanguka. Bi Siwatu alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili.

Mara ya tatu Feruzi hakujaribu. Aliutazama mkono, kisha akamtazama mkewe, na sauti yake ikashuka.

"Mama Kasimu. Kimerudi."

"Nini kimerudi?"

"Kiharusi. Usipige kelele, Sikudhani asisikie. Niangalie mdomo, umepinda? Niite Sangwa haraka nimpe uwakala, ningali na ulimi. Mashine zangu za kunyolea apewe anayejua kuzitunza. Na wewe..." Macho yalikuwa yameanza kulowa. "Wewe hukunichosha hata siku moja. Nilitaka kukwambia kabla hakijachukua na maneno."

Akaanza kutoa shahada, polepole, kwa ulimi wake mzito.

Bi Siwatu akapiga magoti kwenye ule uji. "Nyamaza, Baba Kasimu, nyamaza. Hakijarudi. Hakuna kilichorudi. Ni mimi."

"Wewe nini?"

Akamwonyesha. Akainua mkono wenye pete, akabana. Mkono wa Feruzi ukapaa kutoka pajani, laini, mzuri, ukasimama hewani mbele yao wote wawili kama mgeni aliyeingia bila kuitwa. Akaachia. Ukaanguka.

Kuku mmoja akaja kudonoa uji, hakuna aliyemfukuza.

"Siku ya Idi," Feruzi akasema. "Nilipowakatia wageni nyama."

"Pete."

"Baruani alipokuja kuposa. Nikamshika mkono mpaka akasema, Babu una nguvu."

"Pete."

"Ndevu za Sangwa."

"Pete. Na nilitetemeka siku nzima, maana wembe ni wembe."

Kitu kama kicheko kikapita usoni kwake, kikaondoka. "Siku ya msiba wa dada yako. Ulikuwa unalia pale mlangoni. Nilikufuta machozi."

Bi Siwatu akatafuta kichwani. Akaiona siku ile: maji ya udhu bado yanamtiririka, habari imemkuta mlangoni, pete iko dirishani alikoivua. Na vidole shavuni, vizito, vinakwaruza kidogo.

"Ile siyo," akasema. "Pete haikuwa mkononi. Wallahi, Baba Kasimu, ile sikuibana."

"Ile ilikuwa mimi."

"Ile ilikuwa wewe."

Feruzi akautazama mkono uliolala pajani. "Basi ni moja."

"Ni moja."

"Ulinionea aibu mbele za watu, Mama Kasimu?"

"Nilikuonea huruma."

"Hao wawili ni majirani. Wanaazimana chumvi." Akageuza uso. "Niache na huyu kidogo."

Huyu alikuwa mkono. Bi Siwatu akainuka, kanga imelowa uji magotini, akaingia ndani. Sikudhani alikuwa amesimama nyuma ya pazia, anauma ncha ya ushungi.

Adhuhuri ikapita, Feruzi hakula. Alasiri ikaingia. Sangwa alikuja, akaona hali, akaondoka bila kuuliza, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake. Ndipo sauti ikatoka barazani.

"Mama Kasimu! Huo uji umebaki?"

"Umebaki. Umepoa."

"Lete ulivyo. Na lete kitambaa unifunge huu wa kushoto. Huu ni mkono mbea, unaingilia kazi za mwenzake."

Alileta. Akamfunga mkono wa kushoto kifuani kama Dokta alivyokuwa akisema siku zote na wao hawasikii. Kisha akaivua pete, akainyoosha kwake. "Mpe Sikudhani. Au nairudisha hospitali."

"Vaa."

"Baba Kasimu, sijiamini."

"Ndiyo maana vaa. Ukivuliwa utakuwa umezuiwa tu. Mimi nataka uache."

*

Siku nane zilizobaki ile nyumba ilikuwa kama darasa la chekechea. Kioo kilikaa wazi, na kila asubuhi Dokta Anyesi alitokea na kazi mpya. Kuinua kikombe kitupu mara mia. Kuinua kikombe chenye maharage. Kufumbata kitambaa, kukivuta. Kufuta meza. Soksi ilikuwa imerudishwa kwenye adabu yake ya mwanzo. Ilisubiri, ikasubiri, ikachukua kile tu ambacho mkono umeshindwa. Feruzi alitoka jasho kama mpasua mawe.

"Nimelima, nimebeba, nimejenga nyumba hii," akasema siku ya pili, "sijawahi kuchoshwa na kikombe."

"Kikombe cha bati hicho," mkewe akamjibu. "Subiri cha udongo."

"Wewe kaa juu ya mikono yako."

Naye alikaa juu ya mikono yake kweli. Kumtazama mtu unayempenda anashindwa, mara ya thelathini, mara ya arobaini, na mwokozi wake yuko kidoleni mwako, si kazi ndogo. Siku ya nne maharage yalimwagika mara saba mfululizo, akatoka nje akafua mashuka yaliyokuwa safi. Siku ya tano Dokta akasema, "Mafungu mawili." Feruzi akaomba arudie kusema, Sangwa asikie. Siku ya nane yakawa matatu.

Shehe Hemedi, ambaye ndiye angefungisha ndoa, alipita kunywa kahawa. Feruzi akamuuliza swali lililokuwa linamkera: mkono ukibebwa na Soksi, ni mkono wa walii au wa nani?

Shehe akakuna kidevu. "Mzee wangu, ndoa inasimama kwa tamko na mashahidi. Kushikana mikono ni ada yetu tu. Ukitamka huku umelala chali, binti ameolewa."

"Hilo nalijua. Mimi nakuuliza la mkono."

"La mkono," akasema Shehe, "muulize mwenye mkono."

Feruzi akatikisa kichwa. Jioni ile akamwambia Dokta kwenye kioo: kesho, wakati wa akdi, Soksi iwekwe sifuri. Isibebe chochote. Dokta akafikiri, akasema inawezekana kwa saa moja, ila pete haizimwi. Kwa sheria ya hospitali pete haizimwi kamwe.

"Pete si tatizo," Feruzi akasema bila kugeuka nyuma, alikokaa mkewe.

*

Sebule ilijaa wanaume, mikeka imetandikwa, kanzu nyeupe mpaka mlangoni. Wanawake walikuwa chumba cha ndani, pazia limesogezwa kiasi cha kupitisha jicho. Bi Siwatu alipewa nafasi ya mbele. Ubavuni kwake alikaa Dokta Anyesi, ambaye alikuwa amekuja kwa miguu yake mwenyewe, amevaa kitenge na kujifunga kilemba, na watu walishangaa kuona ana miguu.

Shehe Hemedi akamaliza khutba. Akamwambia Baruani amkaribie walii. Baruani akasogea kwa magoti, akanyoosha mkono wake wa kulia, akaungoja.

Feruzi akautazama wake, umelala juu ya mto. Mkono ukatikisika, ukapanda kidogo, ukarudi mtoni.

Mtu akakohoa. Feruzi akavuta pumzi, akajaribu tena. Ukapanda zaidi ya mwanzo, ukapindia ndani, ukaanguka. Sangwa, pembeni yake, akanyoosha mikono amsaidie.

"Sangwa. Kaa."

Sangwa akakaa.

Kule ndani habari ya pete ilikuwa imeshaenea, na macho ya wanawake wote yalikuwa yamehama kutoka sebuleni, yametua kwenye kidole cha Bi Siwatu. Shangazi mmoja alikuwa anapumua kwa sauti. Kidole gumba kilikuwa juu ya pete, kimegusa tu, na Bi Siwatu alihisi jinsi kitu kile kilivyo kidogo, jinsi kisivyohitaji nguvu. Kubana kidogo tu, na aibu yote ile sebuleni ingeyeyuka kama samli. Akakitoa kidole. Akautandaza mkono wake wa kushoto juu ya paja la Dokta Anyesi, akasema kwa kunong'ona, "Nishikie huu." Kisha akajisahihisha. "Hapana. Usishike. Uangalie tu."

Mara ya tatu mkono wa Feruzi ukapanda. Ukafika nusu ya njia, ukasimama hapo, unatetemeka, hauendi mbele wala haurudi. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kofia. Na Baruani, ambaye mpaka hapo alikuwa ameuweka mkono wake pale juu kama ilivyo desturi, akafanya jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Akainama. Akaushusha mkono wake mpaka pale mkono wa mzee ulipofika, akaulaza chini ya vidole vyake, akatulia.

Kidole cha kwanza kikafumba. Cha pili. Viwili vya mwisho vikaja pamoja. Gumba likachelewa, likazunguka, likafunga.

"Nimekuoza," akasema Feruzi, kila neno kalibeba peke yake, "mjukuu wangu, Sikudhani binti Kasimu, kwa mahari mliyokubaliana."

"Nimekubali kumwoa Sikudhani binti Kasimu, kwa mahari tuliyokubaliana."

Vigelegele vikapasua pazia. Bi Siwatu alilia kama mtoto, makamasi na yote, na Dokta Anyesi akalia pamoja naye, jambo ambalo kwenye kioo hakuwahi kulifanya.

Dua ikasomwa. Aamina. Watu wakaanza kuinuka. Baruani naye akataka kuinuka, akashindwa.

"Babu," akasema kwa upole, "unaweza kuniachia."

"Nataka," Feruzi akasema. "Hauachii."

Sebule ikatazama. Vidole vile vilivyopatikana kwa taabu vilikuwa vimemng'ang'ania bwana harusi, haviendi kokote. Sangwa akapaza sauti kuelekea kwenye pazia, "Shemeji! Bwana harusi kafungwa pingu huku!"

Dokta Anyesi akajipiga paji la uso. "Kufumbata na kufumbua ni kazi mbili tofauti," akamnong'oneza Bi Siwatu, "na kufumbua ndiko kugumu. Siku zote nane Soksi ndiyo iliyokuwa inafumbua. Tumemfundisha kushika, tukasahau kumfundisha kuachia."

"Basi bana sasa, Bibi," wanawake wakasema, wanacheka huku wanajifuta macho. "Kazi yenyewe si imekwisha? Bana, tule!"

Bi Siwatu akawaza. Akamtazama mumewe kupitia upenyo wa pazia. Feruzi naye alikuwa anatazama upande huo, nyusi kazipandisha, kama mtu anayesubiri kuona jirani yake atafanya nini.

"Ataachia mwenyewe," akasema.

"Saa ngapi?"

"Akiweza."

Sinia za pilau zikaletwa. Hapo ndipo ilipoonekana shida kamili: mkono wa kulia wa Baruani umeshikwa, mkono wa kulia wa Feruzi umeshika, na katika sebule nzima iliyojaa watu wenye heshima zao hakuna mmoja kati ya hao wawili ambaye angekubali kula kwa kushoto siku ya harusi. Wakakaa mbele ya sinia, wanaume wawili wenye kanzu mpya, wanainusa nyama.

Pazia likafunguka. Sikudhani akatoka, hina mpaka viwikoni, kitambaa cha kichwa kimeshonwa nyota, kabla ya wakati wake wa kutoka na bila mtu kumtangaza. Akakaa katikati yao. Akanawa. Akamega tonge, akampa babu yake. Akamega la pili, akampa mumewe. Wanaume wakashangilia mpaka mikeka ikatikisika.

Bi Siwatu akatoka nyuma yake, akakaa ubavuni kwa Feruzi, mikono wazi juu ya magoti.

"Bado unanionea huruma?" Feruzi akamuuliza, mdomo umejaa.

"Nakuonea wivu. Unalishwa na mke mdogo."

Akacheka, na kile kicheko kikashuka begani, kikapita mkononi, na kidole kidogo, kile cha mwisho kabisa, kikafunguka. Kimoja tu. Vingine vikabaki palepale.

"Una haraka, Baruani?"

"Sina, Babu. Sina pa kwenda."

Nje, gari la maharusi, lisilo na dereva, lilikuwa limefika kwa saa yake. Likapiga honi mara moja, kwa adabu. Likangoja dakika moja, likapiga tena.